Namna ya kurekebisha kosa dogo kwenye nyaraka za programu huria

Kazi hii niliianza kwa kosa linalomgusa kila mtu wa Dodoma: mwongozo wa programu wenye mfano wa orodha ya nchi, na Tanzania imeandikiwa kuwa makao makuu yake ni Dar es Salaam. Uamuzi wa kuhamia huku ni wa mwaka 1973, na sheria ya kulitangaza jiji hili makao makuu ni ya 2018. Kosa la aina hiyo unalirekebisha kwa kivinjari tu, hata kama hujui kuandika programu.

Hatua ya 1: hakikisha ni kosa kweli. Hapa usiwe na haraka. Ukikuta Africa/Dar_es_Salaam kwenye mipangilio ya saa, usiiguse. Majina ya kanda za saa hufuata mji wenye watu wengi, si makao makuu. Ukiweka Africa/Dodoma, programu haitaitambua. Na ukihisi amri ya kusakinisha imekosewa herufi, iendeshe kwanza kama ilivyo, kisha uiendeshe ulivyoirekebisha. Usitume ulichokisia.

Hatua ya 2: tafuta faili lenyewe. Ukurasa unaousoma huenda ni wa toleo la zamani. Fungua mradi kwenye GitHub, tovuti ambako miradi ya programu huhifadhiwa, uangalie tawi kuu (toleo la faili ambalo mradi unaliendeleza sasa) na maombi ya mabadiliko ambayo bado hayajaamuliwa; pengine mwenzako ameshalishughulikia. Juu ya faili pakiwa na onyo kwamba limezalishwa na programu, usilihariri hapo. Likizalishwa tena, marekebisho yako yatapotea. Mara nyingi maneno yake yanatoka kwenye maelezo yaliyo ndani ya msimbo, na huko ndiko pa kurekebisha.

Hatua ya 3: soma CONTRIBUTING.md, faili lenye taratibu za kuchangia mradi, kama ipo.

Hatua ya 4: bofya alama ya penseli. GitHub itakutengenezea nakala yako ya mradi, na mabadiliko yako yatakaa kwenye tawi lake. Badilisha neno lile tu. Ombi langu la kwanza lilikuwa na kosa moja lililorekebishwa, aya mbili nilizopanga upya na nafasi nilizoondoa mwisho wa mistari. Msimamizi alilifunga, na nadhani alifanya sawa. Wengi wao wanajitolea, na kila mstari uliobadilika ni lazima waupitie.

Hatua ya 5: andika ujumbe. Taja ulichobadilisha na sababu: "Makao makuu ya Tanzania ni Dodoma, si Dar es Salaam." Mradi ukitumia Kiingereza, andika kwa Kiingereza kifupi. Ongeza kiungo cha ushahidi. Msimamizi aliye mbali hana sababu ya kuijua historia yetu.

Hatua ya 6: tuma ombi la mabadiliko, lile watu wanaloita puli rikwesti, kisha subiri. Jibu laweza kuchukua wiki kadhaa. Ukiombwa kurekebisha kitu, fanya hivyo kwenye tawi lilelile. Ombi litajisasisha lenyewe, usifungue jipya.

Likishapokelewa, futa tawi lako na usasishe nakala yako kabla ya kugusa kosa jingine, la sivyo utakuwa unahariri faili lililopitwa na wakati.