Makopo manne meupe yasiyo na lebo

Lebo hubanduka. Ni miaka mingi sasa natunza maabara, na sijafungua kabati la zamani nikakosa makopo ya unga mweupe ambayo karatasi zake zimeliwa na unyevu. Mara nyingi ni ukoo wa sodiamu: chumvi ya mezani, soda ya kuokea, magadi na kostiki soda. Usionje hata kimoja.

Usianze na moto pia. Wanagenzi hukimbilia kuchovya waya na kuupeleka motoni, na miali yote minne hutoka na njano ileile kali. Umeambiwa sodiamu imo, jambo ulilolijua tangu mlangoni. Unachotafuta ni mwenzake: kloridi, bikaboneti, kaboneti au haidroksidi.

Mimi humsaka mwenye hatari kwanza. Vaa miwani na glavu, weka punje chache za kila kopo kwenye visahani vikavu vya kioo, uziache wazi nusu saa. Kostiki itakuwa imetoka jasho, kwa sababu hunyonya mvuke wa maji ulio hewani mpaka ikajiyeyusha. Ila kopo lililokaa bila kufungwa vizuri huwa na gamba gumu juu. Usichukue hapo. Gamba hilo ni kostiki iliyokutana na kaboni dioksidi ya hewani ikageuka magadi, kwa hiyo litakudanganya. Livunje, chota ndani.

Hakikisha kwa kutia punje mbili kwenye maji baridi: mrija utapata joto mkononi. (Magadi makavu nayo hupasha maji, lakini kidogo tu.) Kostiki ndiyo iingie majini, maji yasimiminwe juu yake. Nilipokuwa mgeni kazini nilifanya kinyume. Maji yalitokota papo hapo yakaruka, tone likatua juu kidogo ya ukingo wa glavu. Kabla ya maumivu nilihisi utelezi, kama nimeshika sabuni, na ndivyo ilivyokuwa: mafuta ya ngozi yangu yalikuwa yanageuka sabuni. Nilikaa chini ya bomba dakika ishirini. Kovu ninalo.

Waliobaki watatu, watilie siki. Chumvi hukaa kimya. Ukiitazama kwa lenzi utaona vijichemraba. Wawili wengine hutoa povu.

Kutenganisha soda na magadi ndiko kwenye kazi. Yeyusha kidogo cha kila kimoja, dondoshea fenofthalini, dawa inayogeuka waridi penye alkali. Magadi huwa waridi iliyokolea, pH yake (kipimo cha uasidi na ualkali) ikiwa karibu 11. Soda hubaki bila rangi au hupauka waridi hafifu, maana pH yake ni kama 8. Mimi siridhiki na rangi peke yake, hupima. Weka gramu 10 za unga kwenye kibakuli cha kauri, uchome kwa nyuzi 200 hivi mpaka uzito usishuke tena. Soda hutoa mvuke na kaboni dioksidi, zikabaki gramu 6.3, nazo sasa ni magadi. Magadi makavu hayapungui.

Hapo pana mtego. Magadi ya fuwele, yenye maji ndani yake, hupoteza gramu 6.3 katika kila 10. Tarakimu ni zilezile! Siku moja niliandika "6.3" daftarini bila kusema ni zilizobaki au zilizopotea, nikarudia kazi yote asubuhi. Ukiwa na shaka, pitisha gesi inayotoka kwenye maji ya chokaa: ya soda huyafanya yawe kama maziwa, ya fuwele ni mvuke mtupu.

Lebo mpya iandike kwa penseli, wino huchuruzika. Kostiki ihamishie kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko cha kuzungusha. Kwenye chupa yenye kizibo cha kioo, kizibo hung'ang'ania shingoni, na utakuja kuivunja ili uifungue.