Kabla ya kufungua jengo lililokaa bila watu, anza na maji

Jengo likifungwa mwezi mzima, siku ya kulifungua watu hukagua vumbi, panya na nyaya za umeme. Maji hayamshughulishi mtu: bomba likifunguliwa yanatoka, na ni maangavu, basi. Kumbe maji hayo yamelala bombani wiki nzima nzima. Klorini iliyotiwa huko yalikotoka imeisha nguvu, ubaridi umeyatoka, na ndani ya bomba umeota utando telezi unaowahifadhi bakteria.

Wa kuogopwa zaidi kati yao ni legionela. Huzaliana kwenye maji ya nyuzijoto 20 hadi 45 hivi, na hustawi hasa yanapokaribia 35. Alijulikana baada ya mkutano wa askari wastaafu katika hoteli moja mjini Philadelphia, Marekani, Julai 1976. Zaidi ya watu 180 waliugua kichomi kikali, 29 wakafa, na wataalamu walihangaika karibu miezi sita kabla ya kumpata mhusika.

Hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Tumezoea kuwa maradhi ya maji huingia kwa kunywa, kama kipindupindu, kwa hiyo tukishachemsha ya kunywa tunalala usingizi. Legionela huingia kwa pumzi, ndani ya matone madogo mno yanayorushwa na shawa, chemchemi ya mapambo, au minara ya kupozea ya viyoyozi vikubwa. Mwaka 1999, kwenye maonyesho ya maua huko Bovenkarspel, Uholanzi, mabeseni ya kuogea yenye mapovu yaliwekwa kwa maonyesho tu. Watu walipita karibu wakaendelea na safari zao, na zaidi ya 30 walifariki.

Kwa hiyo kabla ya kugusa koki yoyote, ijue kwanza njia ya maji: yanaingilia wapi, yanahifadhiwa wapi, na bomba la mwisho kabisa ni lipi. Muulize fundi kama kuna bomba lililozibwa baada ya sinki au choo kuondolewa. Kipande kama hicho kinabaki na maji yasiyokwenda popote, na kila siku kinarudisha uchafu kwenye maji mengine. Dawa yake ni kukikata pale kinapoungana na bomba kubwa. Kukiziba mbele zaidi hakusaidii.

Tangi lije kabla ya mabomba, la sivyo utasukuma tope la tangini hadi kila chumba. Limwagwe, lisuguliwe, lifunikwe vizuri, na bomba la kufurikia liwekwe wavu. Kisha fungua maji baridi, ukianza na koki iliyo karibu na maji yanapoingilia hadi ya mwisho, mpaka yatoke mapya. Vyoo navyo visukumwe maji, vifuniko vikiwa chini.

Hita ndiyo yenye kazi. Maji yaliyohifadhiwa ndani yake yafike nyuzi 60, na bomba la mbali kabisa litoe yasiyopungua 50 baada ya kutiririka kidogo. Pima kwa kipimajoto, mkono hauna ushahidi. Hita za jua zinahitaji jicho zaidi, maana siku za mawingu huishia kwenye uvuguvugu, palepale legionela anapopapenda. Lakini maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache. Wenye watoto na wazee wafunge vali ya kuchanganyia karibu na bomba la kuogea.

Kichwa cha shawa kifungue ukitazame. Mara nyingi utakuta chokaa nyeupe imeziba vitundu na nyuma yake ute wa kahawia unaonata kidoleni. Kiloweke kwenye siki, kisugue, na kama kimechakaa kitupe. Ukiwa unatiririsha maji ya shawa, acha kichwa kimetolewa au ukifunge mfuko wa plastiki uliokatwa pembe moja, maji yashuke bila kurusha matone. Kazi hii asipewe mvutaji sigara, mwenye ugonjwa wa mapafu, mwenye kinga dhaifu wala aliyevuka miaka 50. Anayeifanya avae barakoa inayobana uso vizuri, si ya kitambaa.

Baada ya hapo, bomba lisilotumika lifunguliwe angalau mara moja kwa wiki, na tarehe iandikwe, kwani "nadhani nilifungua" ndiyo jibu la kila mlinzi.

Dalili za ugonjwa wa legionela huanza siku 2 hadi 10 baada ya mtu kuvuta matone hayo, wakati mwingine hata 14: homa kali, kikohozi, kukosa pumzi, pengine kuharisha na kuchanganyikiwa. Kwa kawaida mgonjwa hamwambukizi mwenzake. Akienda kutibiwa amtajie daktari kwamba alikuwa kwenye jengo lililofunguliwa karibuni, kwa sababu penisilini haimuwezi bakteria huyu, na kipimo chake cha mkojo hakifanywi mpaka mtu akifikirie.