Namna ya kuchagua mashine ya Blu-ray kwa sinema ya nyumbani Lubumbashi

Kabla ya kutoka nyumbani kwenda kutafuta mashine ya Blu-ray, yaani ile inayosoma diski za filamu zenye picha kali kuliko DVD, toa diski zako zote kabatini, zitandaze mezani, kisha usome maandishi madogo yaliyo nyuma ya majalada yake. Wanunuzi wengi hapa Lubumbashi huanza na uzuri wa mashine, ukubwa wa kasha na bei anayoitaja muuzaji, ilhali mambo mawili yanayoamua kama mashine itakufaa au haitakufaa ni diski ulizonazo na umeme unaoingia sebuleni kwako. Picha, sauti na jina la kampuni huja baada ya hayo.

Nyuma ya jalada la Blu-ray utaona alama ndogo yenye pembe sita na herufi A, B au C ndani yake. Herufi hizo ni kanda ambazo wenye filamu waliigawia dunia. Kanda A ni Amerika ya Kaskazini na ya Kusini pamoja na Japani, Korea na nchi za Asia ya Kusini-Mashariki; kanda B ni Ulaya, Afrika, Mashariki ya Kati, Australia na New Zealand; kanda C ni China, India, Urusi na majirani zao. Kongo imo katika kanda B, na hiyo ni bahati yetu, kwa sababu diski zenye sauti ya Kifaransa hutoka Ufaransa na Ubelgiji, nchi ambazo zimo katika kanda hiyohiyo. Mashine iliyotengenezwa kwa soko la Ulaya au la Afrika itazisoma bila ubishi. Lakini aliyeletewa mashine na ndugu yake kutoka Marekani ataweka ndani diski iliyonunuliwa Paris, trei itajifunga, mashine itanguruma kidogo, kisha skrini itamwambia kwamba diski hiyo hairuhusiwi katika eneo lake. Zipo diski zenye herufi zote tatu, ambazo husomwa popote, ila huwezi kununua mashine kwa kutegemea bahati ya namna hiyo.

Mtego mkubwa zaidi uko kwenye DVD, ambazo bila shaka ndizo nyingi kabatini mwako. Mashine ya Blu-ray husoma DVD pia, lakini DVD ina kanda zake za nambari, na mgawanyo wake si ule wa Blu-ray. Ulaya Magharibi imo katika kanda ya 2 pamoja na Japani, Misri na Afrika Kusini. Kongo, Zambia na sehemu kubwa ya Afrika zimo katika kanda ya 5 pamoja na India na Urusi. Maana yake ni kwamba mashine yenye alama za B na 5, iliyokusudiwa watu wa huku kwetu, itasoma Blu-ray ya Paris na huenda ikaikataa DVD ya Paris, na mashine yenye B na 2 iliyotoka Johannesburg itazisoma zote mbili. Kwa kuwa bidhaa nyingi hutufikia kwa barabara ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, mashine za aina hizo mbili zinaweza kukaa bega kwa bega kwenye rafu moja zikiwa na sura moja na bei moja. Muuzaji atakuambia, “Papa, hii inasomaka byote.” Mwulize kwa upole: byote vya DVD, au na Blu-ray? Kufuli ya DVD mara nyingi hufunguliwa kwa kubonyeza nambari fulani kwenye telekomande, na mafundi wa mjini wanazijua; kufuli ya Blu-ray ni ngumu zaidi, na kwa mashine nyingi hulazimu kuifungua mashine yenyewe na kubadili kitu ndani yake. Diski za 4K, yaani Blu-ray za kizazi kipya zenye picha kali zaidi, hazina kanda.

Ukiisha kumaliza habari ya diski, igeuze mashine. Simaanishi uitazame kutoka mbali: ishike kwa mikono miwili, elekeza mgongo wake kwenye mwanga, na usome lebo iliyo karibu na mahali waya wa umeme unapoingia. Ukiona imeandikwa 100–240 V na 50/60 Hz, uko salama. Ukiona 120 V na 60 Hz peke yake, hiyo ni mashine ya Marekani, na ukuta wako unatoa volti 220. Mimi mashine yangu ya kwanza niliisoma lebo baada ya kuichomeka badala ya kabla. Ilitoa mlio mmoja kama punje ya hindi inayopasuka chunguni, ikafuata harufu ya plastiki, watoto wakatazamana, na hapo ndipo nilipoigeuza nikakutana na ile nambari 120. Transfoma ya kushusha umeme ingeiokoa, lakini ni mzigo wa ziada ambao mtu anaweza kuuepuka kwa kusoma mstari mmoja.

Hata mashine ya volti sahihi inahitaji ulinzi katika mji huu. Jioni, wakati majiko ya umeme yanapowashwa mtaani kote, umeme hushuka hadi taa zikawa za manjano. Ukikatika, hurudi kwa kishindo. Kidhibiti cha umeme kwa hiyo si anasa. Ningeongeza pia betri ndogo ya kushikilia umeme, ya aina inayotumika na kompyuta za ofisini, na sababu yake ni ya kipekee kwa Blu-ray. DVD ya kawaida, umeme ukikatika, mara nyingi unaweza kuirudisha upesi pale ulipokuwa. Diski nyingi za Blu-ray zina programu iliyoandikwa kwa lugha ya Java, na hizo mara nyingi hazikumbuki ulipoishia: utaanza tena na maonyo ya haki za mtunzi, matangazo ambayo pengine huwezi kuyaruka, kisha menyu, kisha kutafuta sura kwa telekomande huku wageni wakianza kuaga. Mashine yenyewe hula umeme kidogo, mara nyingi chini ya wati 30, kwa hiyo kinachomaliza betri ni televisheni na amplifaya. Mwenye fedha za kuchagua kati ya mashine ya bei kubwa na mashine ya kawaida iliyo na betri nyuma yake, mimi namshauri achukue ya pili bila kusitasita.

Sasa tuingie kwenye picha. Blu-ray ya kawaida, iliyoingia sokoni mwaka 2006, hutoa picha ya nukta 1920 kwa 1080, na diski yake hubeba gigabaiti 25 kwa tabaka moja au 50 kwa tabaka mbili, ilhali DVD yenye upana uleule wa sentimita 12 haizidi 8.5 kwa upande mmoja. Tofauti hiyo hutokana na mwanga: leza ya Blu-ray ni ya rangi ya samawati inayokaribia zambarau, yenye wimbi la nanomita 405, na ile ya DVD ni nyekundu, ya nanomita 650. Wimbi fupi huandika vijishimo vidogo zaidi. Blu-ray ya 4K ilifuata mwaka 2016 ikiwa na nukta 3840 kwa 2160 na diski zinazofika gigabaiti 100. Mashine ya 4K husoma diski za Blu-ray ya kawaida na DVD. Mashine ya kawaida haiwezi kusoma diski ya 4K hata kidogo.

Je, ununue ya 4K? Ikiwa televisheni yako ni ya inchi 43 na kiti chako kiko mita tatu kutoka kwake, wingi wa nukta hutauona. Utakachokiona ni mwanga na rangi, kwa sababu diski za 4K hubeba pia HDR, ambayo huonyesha taa ya gari katika usiku mzito bila kuufanya usiku huo kuwa wa kijivu. Lakini hapo televisheni yenyewe inapaswa kuwa na mwanga wa kutosha, na televisheni nyingi za bei nafuu huandikwa HDR kwenye kasha bila kuwa na nguvu ya kuionyesha. Mwenye projekta na ukuta mpana, au televisheni ya inchi 65 na kuendelea, anunue ya 4K. Wengine wachukue ya kawaida, na baki ya dola wainunulie diski. Diski zile zenye filamu ishirini kwa pamoja, zinazouzwa barabarani, hazitapona kwa mashine yoyote: filamu zake zimebanwa mno, na mashine nzuri itakuonyesha tu ubovu wake kwa usafi zaidi.

Kuhusu uunganishaji, mashine zilizotengenezwa tangu 2014 hutoa picha ya Blu-ray kwa tundu la HDMI peke yake, kwa sababu makubaliano ya ulinzi wa filamu yalizuia matundu ya analogi. Mwenye televisheni ya zamani yenye mgongo mnene na matundu ya njano, nyekundu na nyeupe aanze kwa kubadili televisheni. Kwa 4K, kila kifaa kilicho njiani kati ya diski na skrini kinapaswa kukubali ulinzi uitwao HDCP 2.2, amplifaya moja ya zamani katikati inatosha kukunyima picha.

Hapo ndipo mashine yenye matundu mawili ya HDMI inapoonyesha thamani yake. Tundu moja hupeleka picha moja kwa moja kwenye televisheni, jingine hupeleka sauti kwenye amplifaya ile ya zamani, na huna haja ya kuitupa. Na sauti ndiyo inayowafanya watu wainame mbele kitini. Blu-ray hubeba sauti isiyopunguzwa chochote, kwa majina ya Dolby TrueHD na DTS-HD Master Audio, jinsi ilivyotoka studioni. Waya mwembamba wa mwanga, ambao mafundi wengi hupenda kuutumia kwa sababu ni rahisi kuufikia, hauwezi kubeba sauti hiyo. Utapata ile iliyobanwa, ya kiwango cha DVD, na hutajua umekosa nini. Tumia HDMI, kisha ingia kwenye mipangilio ya sauti na uchague “bitstream”, ili amplifaya ifungue sauti yenyewe. Kama una spika moja ndefu ya chini ya televisheni, hakikisha spika hiyo na televisheni zote mbili zina tundu la eARC, yaani HDMI ya aina mpya inayorudisha sauti kamili kutoka televisheni hadi spika. ARC ya kawaida huibana sauti vilevile.

Kampuni zinazotengeneza mashine hizi zinapungua. Oppo iliacha mwaka 2018, Samsung ikaacha mwaka 2019, na LG ikafuata mwishoni mwa 2024, hivyo majina makubwa yaliyobaki ni Sony na Panasonic. Jambo hili si habari ya gazeti tu kwa mnunuzi wa mitumba. Diski mpya hufungwa kwa funguo mpya za siri, na mashine isiyopata tena programu mpya kutoka kwa kampuni yake inaweza siku moja kukataa filamu iliyotoka juzi. Miongoni mwa za 4K, Panasonic DP-UB820 husoma aina tatu kuu za HDR, yaani HDR10, HDR10+ na Dolby Vision, na ina matundu mawili ya HDMI. Sony UBP-X700 nayo ina matundu mawili na Dolby Vision, ingawa Dolby Vision yake unaiwasha na kuizima kwa mkono. Na kama kijana wako ana PS5, mashine ya michezo ya Sony, yenye mahali pa kuingizia diski, basi una mashine ya 4K nyumbani tayari, isipokuwa haina Dolby Vision kwa diski na haisomi CD za muziki. PS4 husoma Blu-ray ya kawaida na DVD. Diski ya 4K haiifungui.

Dukani, nenda na vitu vitatu: Blu-ray yako mwenyewe kutoka Ulaya, DVD ya zamani yenye mikwaruzo, na flashi yenye filamu moja. Omba mashine iunganishwe na televisheni, si iwashwe tu. Weka Blu-ray kwanza na uhesabu muda hadi picha ya kwanza itokee. Ikipita dakika nzima kwa diski safi, huenda leza imechoka au programu yake ni ya kale. Ruka hadi nusu ya filamu, kisha hadi mwisho, kwa sababu leza dhaifu husoma sehemu ya katikati ya diski vizuri na kukwama karibu na ukingo. Punguza sauti na utege sikio: mzunguko wa diski uwe mvumo wa chini, usiwe mkwaruzo. Hakikisha telekomande ni ya mashine hiyohiyo, maana mipangilio mingi haifikiki bila yake.

Ukifika nyumbani, usiiweke juu ya amplifaya, ambayo hupumua joto, wala chini kabisa, ambako vumbi jekundu la kiangazi, kati ya Mei na Septemba, huingia kila trei inapofunguka. Ifunike kwa kitambaa ikiwa imezimwa, na ufunue kabla ya kuiwasha. Pakua programu mpya ya mfano huo kutoka tovuti ya kampuni, iweke kwenye flashi ukiwa mahali penye intaneti nzuri, kisha uichomeke mashine kwenye betri kabla ya kuanza kuisasisha, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo mashine inaweza isiwake tena.