Insha ya historia ya kisasa chuoni: mfano wa Azimio la Arusha

Anza na swali dogo. "Je, Ujamaa ulifanikiwa?" halijibiki kwa kurasa kumi, "Magazeti ya Dar es Salaam yalipokeaje utaifishaji wa mabenki, Februari 1967?" linajibika.

Soma Azimio lenyewe, tamko la chama tawala TANU kuhusu siasa ya Ujamaa, kabla ya vitabu vinavyolichambua. Lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967, na wengi hulibebesha yasiyokuwamo: amri ya nchi nzima kuhamia vijijini ilikuja 1973.

Ukifungua gazeti, uliza kwanza mwenye nalo ni nani. Uhuru lilikuwa la TANU. Standard lilikuwa la watu binafsi hadi serikali ilipolitaifisha 1970. Linganisha habari ileile ya siku ileile: ipi iko ukurasa wa mbele, nani kanukuliwa, nani kaachwa. Hapo ndipo penye utamu wa insha yako. Jina la gazeti, tarehe na ukurasa viandike papo hapo, la sivyo utarudi maktaba kusaka sentensi moja siku nzima.

Ukiwahoji wazee waliohamia vijijini, usiulize "Mlilazimishwa?" kwani umeshawapa jibu. Uliza "Mlihamaje?" kisha nyamaza. Tarehe huwachanganya, kwa hiyo zihakiki. Lakini nani alibeba milango ya nyumba na mahindi yaliachwa wapi, faili za serikali hazisemi.