Somo: Nyama ya kusaga na mayai ya kuoka bila viazi, kwa chai ya saa nne

Mpenzi wa chipsi mayai akiambiwa apunguze wanga, huona amenyang'anywa chakula chake. Somo hili ni lake. Mayai yanabaki, nyama inaongezeka, na mahali pa chipsi tunaweka kabichi iliyokaangwa mpaka kingo zimeshika rangi ya kahawia. Gramu 100 za viazi mbatata vya kuchemsha zina wanga wa gramu 20 hivi. Kabichi ya uzito huohuo ina gramu 6 hivi, na sehemu ya hizo ni nyuzinyuzi.

Wengi wakijaribu hupata mayai yanayoelea kwenye maji. Kiazi nacho kina maji mengi, lakini wanga wake huyashika. Kabichi ni maji kwa zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake, na haina cha kuyashikia: ikikutana na chumvi na moto huyaachia. Ndiyo maana karibu kazi yote hapa ni kuyatoa maji kabla yai halijaingia. Ukilishika hilo, vipimo vingine unaweza kuvibadilisha utakavyo.

Mahitaji kwa watu wanne: nyama ya ng'ombe ya kusaga nusu kilo, mayai 6, kabichi nusu (gramu 400 hivi), hoho 2, kitunguu maji 1, punje 3 za kitunguu saumu, kipande cha tangawizi, binzari nyembamba kijiko 1 cha chai, pilipili manga, chumvi, mafuta vijiko 2 vya chakula, giligilani na ndimu. Nyanya nimeiacha makusudi, maana nayo ni maji. Ikatwe kwenye kachumbari ya pembeni.

Hatua ya 1. Kata kabichi vipande vya mraba, ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Usiichane nyembamba kama ya kachumbari, itaporomoka yote. Nyunyizia chumvi kijiko 1 cha chai, iache kwenye chujio dakika 20, kisha ikamue kwa mikono yote miwili. Kamua kwa nguvu, usiionee huruma.

Hatua ya 2. Washa oveni ifike nyuzi 200 za Selsiasi. Weka kikaangio kipana kwenye moto mkali, tia nusu ya mafuta, tandaza nyama na uiache. Itatoa maji, yatachemka, yatakauka, kisha utasikia sauti ikibadilika kutoka kutokota kuwa kukaanga. Hapo ndipo ladha inapoanza kujengeka. Wengi huzima jiko nyama ikishageuka kijivu tu. Subiri iwe kahawia. Tia saumu, tangawizi na binzari, geuza kwa dakika moja, kisha ipua.

Hatua ya 3. Kikaangio hichohicho, mafuta yaliyobaki: kitunguu, hoho, kisha kabichi. Moto uwe mkali na usifunike. Dakika 8 hivi zinatosha.

Hatua ya 4. Changanya nyama na mboga, tia pilipili manga, onja. Kabichi imeshabeba chumvi, kwa hiyo usiongeze kabla ya kuonja. Tandaza kwenye trei ya kuokea, kimo cha vidole viwili, uoke dakika 12 bila mayai. Maji ya mwisho yanaondokea hapa.

Hatua ya 5. Toa trei, bonyeza mashimo 6 kwa mgongo wa kijiko. Pasua kila yai kwanza kwenye kikombe, ili likiwa viza lisiharibu trei nzima, kisha limimine shimoni. Rudisha ndani dakika 8 hadi 12, ute ukiwa mweupe na umeganda. Kamulia ndimu, tupia giligilani, andaa.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo dada. Sisi tunatumia jiko la mkaa tu, hatuna oveni. Inawezekana?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, inawezekana sana. Tumia sufuria nzito yenye mfuniko bapa, uweke makaa kama unavyopika mkate wa kumimina: chini kidogo, juu ya mfuniko mengi. Kabla ya kutia mayai acha mfuniko wazi, mvuke utoke. Mayai yakishaingia ndipo unapofunika na kupalia makaa juu. Anza kuchungulia baada ya dakika 6.

Swali: Kwangu kiini kilikauka huku ute wa juu bado una majimaji. Tatizo ni nini?

Jibu: Joto lilitoka chini peke yake. Hakikisha mayai hayatoki moja kwa moja kwenye friji, mchanganyiko uwe wa moto sana unapoyamimina, na trei ikae sehemu ya juu ya oveni. Funika kwa karatasi ya foili dakika 5 za kwanza, mvuke uivishe ute. Ila mjamzito, mtoto mdogo na mzee wapikiwe mpaka kiini nacho kigande.

Swali: Mama yangu ana kisukari, anatumia dawa. Nimpikie hiki kila asubuhi badala ya chapati?

Jibu: Hapa naomba usiwe na haraka, ndugu yangu. Anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamaidi akikata wanga ghafla, dozi ileile inaweza kumshusha sukari kupita kiasi: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa. Zungumzeni kwanza na daktari au muuguzi wa kliniki yake, na mpime sukari mara kwa mara mnapobadilisha mlo. Akiwa na shida ya figo, ulizeni pia kiasi cha nyama na mayai kinachomfaa.

Swali: Watoto wangu hawali bila viazi.

Jibu: Wachemshie viazi vitamu pembeni. Wao hawana sababu ya kukatwa wanga.

Swali: Niko Muscat, huwa nanunua koliflawa iliyogandishwa. Niikamue kama kabichi?

Jibu: Hapana. Ikiyeyuka inalegea, na ukiikamua inageuka uji. Itandaze ikiwa bado na barafu kwenye trei yenye mafuta, vipande visibanane, uichome kwa nyuzi 220 dakika 25 hivi mpaka ncha ziwe kahawia. Baada ya hapo ichanganye na nyama na uendelee na hatua ya 5, ile ya 4 iruke.

Swali: Kikibaki?

Jibu: Friji, siku 3. Pasha kwenye kikaangio kikavu.