Kununua gemu ya mkononi Arusha bila kuuziwa toleo la zamani kwa bei ya jipya

Wengi hulalamika kampuni za mashine za gemu za mkononi zikitoa toleo jipya mapema. Inakera, lakini hasara kubwa ni kuuziwa la zamani kwa bei ya jipya. Shika kifaa kwanza, pesa baadaye. Ukiagiza Kariakoo kije Arusha kwa basi, muuzaji akutumie video ya mgongo wa kifaa kikiwa kimewashwa. Picha ya boksi haitoshi, maana boksi huazimwa.

Nintendo Switch ndiyo yenye mtego mkubwa. Ilitoka Machi 2017. Agosti 2019 ikabadilishwa kwa jina lilelile na bei ileile ya dola 299 kule Marekani, ila muda wa kucheza kwa chaji moja ukapanda kutoka saa 2.5–6.5 hadi saa 4.5–9. Soma modeli mgongoni: HAC-001 tupu ni ya kwanza, HAC-001(-01) ni iliyoboreshwa. Namba ya seriali ikianza na XAW ni ya zamani, XKW ni mpya. Ya kwenye boksi ilingane na ya kwenye ukingo wa chini wa kifaa, zikitofautiana, ondoka.

Ukiambiwa "tutakuwekea betri mpya, itakuwa sawa", kataa. Betri ya matoleo yote mawili ina ukubwa uleule, mAh 4310. Kilichobadilika ni chipu, kutoka nanomita 20 hadi 16, ndiyo maana inakula umeme kidogo. Hakuna fundi atakayekubadilishia hiyo.

Steam Deck, ya kampuni ya Valve, ni rahisi kutambua kwa aina ya skrini, OLED au LCD: ya OLED, iliyotoka Novemba 2023, ina kitufe cha kuwashia chenye rangi ya chungwa na betri ya Wh 50 (saa-wati, kipimo cha ujazo wa betri), ya LCD ina Wh 40. LCD haikutoka kiwandani na hifadhi ya TB 1. Ukiona yenye diski hiyo, imefunguliwa. Si dhambi, lakini kagua skrubu kama zimelika na usikilize feni.

ROG Ally ya kwanza, ya kampuni ya Asus (Juni 2023), ni nyeupe. Ally X nyeusi ilifuata Julai 2024 ikiwa na betri mara mbili, Wh 80. Waliowahi kununua walikuwa na haki ya kununa. Kwa ile nyeupe, pima sehemu ya memori kadi, kwani joto limeziharibu nyingi: cheza gemu nzito dakika 20, kisha nakili faili kubwa kwenye kadi.

Kwa Switch iliyotumika, fungua mipangilio ya vidhibiti uone kama vijiti vinatembea vyenyewe. Ijaribu pia kwenye TV kwa chaja yake ya volti 15, ampea 2.6; chaja ya simu inaweza kujaza betri na picha isitoke.

Risiti ya EFD iandikwe modeli na seriali, na muda wa dhamana ya duka.

Kama utachezea kwenye TV muda wote, HAC-001 ya zamani inatosha kabisa, ila bei ishuke.