Kabla ya kuziba boti ya faiba, tazama mwezi

Boti ya faiba ikipasuka, mwenyewe hukimbilia dukani kutafuta rezini, ile gundi ya majimaji inayoganda ikawa ngumu. Mimi nasema atazame mwezi kwanza. Kwenye pwani zetu, iwe Mkokotoni au Wete, chombo hupandishwa juu kwa maji ya bamvua, na bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani kila baada ya wiki mbili hivi. Ukipandisha boti bamvua hili, ndizo siku ulizonazo za kuosha, kukausha, kusaga, kuziba na kuacha kiraka kikomae, ndipo maji yaje kuichukua. Ukiipandisha siku za maji mafu itakaa chini mno, na maji yatakukuta kazi ingali mbichi. Masika, Machi hadi Mei, iache kama unaweza. Kama huwezi, funga turubai juu lakini pembeni pawe wazi upepo upite.

Boti ikishatulia juu ya magogo, igonge ubavu mzima kwa sarafu au mpini wa nyundo. Palipo pazima hutoa sauti kali. Sauti ikiwa butu, tabaka zimeachana. Zungushia chaki. Utashangaa mduara wa chaki ulivyo mkubwa kuliko ufa wenyewe. Kisha ingia ndani, ng'oa mbao za sakafu, tazama pale mataruma, yaani mbavu za ndani za boti, yaliposhikana na ubavu, maana jiwe likigonga nje, mara nyingi nyuzi hukatikia ndani. Na tezi, yaani ukuta wa nyuma unaobeba mashine, kwa kawaida ina mbao ndani yake. Toboa tundu dogo: unga ukitoka mweusi na umelowa, hiyo si kazi ya kiraka tena, mbao zimeoza.

Kukausha ndiko kunakowashinda wengi. Viraka vingi vinavyobanduka havikubanduka kwa sababu rezini ilikuwa mbovu; vilibandikwa juu ya chumvi na unyevu. Osha kwa maji matamu zaidi ya mara moja, kwa sababu chumvi iliyobaki huvuta unyevu wa hewa, na hewa yetu haina upungufu wa unyevu. Mafuta ya mashine yafute kwa asetoni kabla ya kupiga grenda. Ukitanguliza grenda unayasukumia ndani ya nyuzi. Baada ya kusaga, bandika kipande cha nailoni angavu juu ya kidonda, ziba kingo zote kwa utepe, kiache juani. Vitone vikijitokeza upande wa ndani wa nailoni, subiri.

Vipimo vya vifaa vitoke kwenye unene wa boti. Kingo za tundu husagwa kwa mteremko mrefu, mara 12 ya unene. Ubavu wa milimita 6 unataka mteremko wa milimita 72 kila upande, karibu upana wa vidole vinne. Kwa hiyo tundu la ngumi linaishia kutaka kiraka cha ukubwa wa sinia. Mati, yaani mkeka wa nyuzi za faiba, ya gramu 450 kwa mita ya mraba hujenga takriban milimita moja kwa kila tabaka, na rezini huwa uzito wa mati mara mbili hadi mbili na nusu. Chukua ziada kidogo. Ukichagua rezini ya epoksi, ambayo hushika vizuri zaidi kwenye faiba ya zamani, usiipe mati ya kawaida. Gundi inayoshika nyuzi za mati hiyo imetengenezwa iyeyushwe na rezini ya poliesta, ile ya kawaida. Epoksi inataka kitambaa kilichofumwa.

Hadna, yaani dawa ya kugandisha rezini, kwa poliesta ni asilimia 1 hadi 2: kilo moja ya rezini, gramu 10 hadi 20. Kwa joto letu kaa karibu na 1, fanya kazi asubuhi, changanya kidogokidogo. Nunua sirinji ya kupimia duka la dawa. Wapo mafundi wanaomimina kwa jicho, na ndio hao hao kopo linalowagandia mkononi huku linafuka moshi. Usishuke chini ya asilimia 1 ili kununua muda, kiraka hakitakomaa.

Hadna ikiruka jichoni inaweza kupofusha. Miwani ivaliwe kabla kifuniko hakijafunguliwa, na ndoo ya maji safi iwe karibu. Jicho lisafishwe dakika 15 bila kukatisha, kisha hospitali. Vumbi la faiba linataka barakoa ya kweli, si kanga iliyofungwa puani. Asetoni na sigara visikutane, na watoto wanaopenda kukaa kivulini mwa boti waondoshwe.

La mwisho ni la fedha. Grenda ikishapita, uharibifu huonekana mkubwa kuliko ulivyodhaniwa, karibu kila mara. Fundi asitaje bei kamili kabla hajasaga, nawe usimlazimishe. Patana naye malipo ya kufungua na kukagua peke yake, halafu kaeni mbele ya tundu lililo wazi muelewane bei ya kuziba.